Jani la Isale kwa Fundi wa Rau

Wiki iliyopita nilikuwa mjini Moshi, kwenye duka la vipuri, kijana mmoja akafungua kopo la mafuta ya breki. Harufu ile iliponifika puani, mguu wangu wa kushoto ukaanza kukanyaga wenyewe. Sisemi uongo. Nilisimama mbele ya watu nikikanyaga klachi isiyokuwepo.

Nikikosea mambo ya ufundi, mnisamehe. Niliishia darasa la saba na gari sijawahi kumiliki.

Baba alikuwa na pikapu, gari pekee upande wetu wa korongo, kule Kirua Vunjo. Injini yake ya petroli ilikufa miaka ile biashara ilipofunguliwa na injini zilizotumika zikawa zinaingia kwa wingi. Baba akapata ya dizeli, pamoja na giaboksi yake, kupitia Holili, mpakani na Kenya. Akampelekea Fundi Jamali wa Rau, Mwislamu wa mjini, ambaye babu yake alitoka India na bibi yake alikuwa Mpare. Walikuwa marafiki. Idi tulikula pilau kwake, Krismasi yeye alikula ndizi kwetu.

Fundi akafunga injini, akafunga giaboksi. Ikabaki klachi. Klachi ya gari lile ilikuwa na pampu mbili: ya juu kwenye pedeli, ya chini kwenye giaboksi. Ukikanyaga, ya juu inasukuma mafuta ya breki, ya chini inayapokea na kuifanya klachi iachie. Ya chini ilikuja na giaboksi. Ya juu ilikuwa ya gari letu la zamani, na baba alikataa kuibadilisha kwa sababu alikuwa ameinunua juzijuzi tu. Kipya hakitupwi, alisema.

Gari likarudi nyumbani na ugonjwa. Hata ukikanyaga mpaka chini, gia ilikataa kuingia, ikalia kama mbuzi anayevutwa kamba. Kuliondoa ilibidi uweke gia injini ikiwa imezimwa, ndipo upige stata, nalo lishtuke mbele. Kwenye mteremko liliondoka. Kwenye tope, likisimama limesimama.

Baba aliamini upepo umeingia kwenye mrija wa mafuta hayo. Kila asubuhi kabla ya shule nilisimama nyuma ya usukani, maana nikikaa miguu haikufika, naye akalala chini ya gari juu ya gunia.

“Kanyaga,” alisema. “Shika. Achia.”

Mafuta yakatoka, akaongeza mengine, tukaanza upya. Kuku walituzoea wakawa wanataga chini ya tela bovu pembeni bila kutujali. Nafikiri upepo uliisha siku ya kwanza, lakini baba aliendelea kuutafuta.

Na muda haukuwepo. Mama alikuwa mjamzito, karibu kabisa, na masika yalishaanza. Mtoto aliyetangulia tulimpoteza njiani kwenda hospitali, mama akiwa amelazwa juu ya kitanda, wanaume wakimbeba na kuteleza hadi chini. Nyumbani hakuna aliyelitaja jambo hilo, ila mama hakutulia. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Alikwenda hadi barabarani, akaangalia tope, akarudi. Akisimama ghafla na kushika kiuno, nami nilisimama.

Siku moja baba aliomba lifti akashuka Rau. Sikuwepo, nasimulia nilivyosikia kwa pande zote mbili, na pande zote zinakubaliana kwamba neno “mwizi” lilitajwa, mbele ya wateja. Baba alidai fundi amemchukulia pampu nzuri ya chini akamwekea mbovu. Fundi alimwambia aende, na mdomo ule asirudi nao.

Mama alisikia habari hizo akiwa anamenya ndizi. Aliosha mikono, akaenda kwenye uzio wa kihamba, shamba letu la migomba, akakata jani moja la isale, akaja kuliweka juu ya kiti cha dereva. Kwetu Uchagani, aliyekosa akimpelekea mwenzake jani la isale, mwenzake hawezi kukataa kusamehe. Halihitaji maneno.

“Yule si Mchagga,” baba alisema. “Atafikiri nimemletea dawa.”

“Basi utamweleza. Mdomo uliomtukana si bado unao?”

Baba akanichukua nimshikie jani. Tulishuka bila klachi, baba akibadilisha gia kwa kusikiliza mlio, akiwaamkia wazee dirishani bila kuthubutu kusimama. Bibi mmoja aliyetaka lifti tulimwacha akiwa bado hajamaliza kuitikia marahaba.

Fundi Jamali alikuwa ameinama kwenye injini ya mtu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa upole, ila kwa baba hakutazama. Baba akamnyooshea jani. Fundi akalipokea, akaligeuza huku na huku, akalipima unene kwa vidole.

“Hili la nini? La kukatia gasketi ya injini?”

Mteja mmoja akacheka. Baba hakucheka. Jasho lilimtoka kana kwamba alikuwa amebeba ile injini.

“Kwetu ni la kuomba radhi,” alisema. Fundi akasubiri. Baba akaangalia chini. “Nilikuita mwizi. Hukuniibia. Nilisema mbele za watu, na sasa nasema mbele za watu.”

Fundi aliliangalia tena lile jani.

“Baba Ndeshi, na mimi nina langu,” alisema, akimwita kwa jina langu. “Nilijua hizo pampu huenda zisipatane. Ulikuwa unaniharakisha, nikasema shauri yako.”

Wakazifungua zote mbili, wakaziweka juu ya gazeti. Pistoni ya juu, kile kipande kinachosukuma mafuta, ilikuwa nyembamba, ya chini nene. Fundi alimweleza baba kuwa mafuta yanayojaza kikombe hayafiki popote kwenye sufuria; ndiyo maana ya chini ilisogea kidogo tu. Hakuna iliyokuwa mbovu. Hazikuwa za kufanya kazi pamoja, basi. Duka la tatu tulilokwenda lilikuwa na pampu ya juu yenye mdomo mpana, na matundu ya bolti yalilingana. Fundi akaifunga, nikakanyaga, nikashika, nikaachia mpaka upepo ukaisha. Gia ikaingia kimya mpaka nikadhani haijaingia.

Tuliporudi mama alikuwa barabarani. Baba akaanza kumweleza habari za pistoni, unene wake, duka la tatu. Mama akamkatiza.

“Kwa hiyo ulisema?”

“Nilisema.”

Ndipo akazunguka gari, akafungua mlango, akakaa kiti cha mbele kuona kama tumbo linaenea.

Mdogo wangu alizaliwa hospitalini, mjini, mvua ikinyesha. Njiani tulisimama kwenye tope mara kadhaa na mara zote tukaondoka.

Wakati ule niliona ajabu mama asiulize kuhusu gari. Sijui kama alijua tangu mwanzo kwamba fundi hatalielewa lile jani, na baba atalazimika kusema kwa mdomo. Sikuwahi kumwuliza, na sitaki kumpa werevu ambao pengine ulikuwa bahati. Lakini nami nimeolewa, nimebebwa njia ile ile nikiwa na uchungu. Tope unaliona kwa macho. Mtu aliyeshika usukani, ambaye ameshakosea na hawezi kusema amekosea, huyo ndiye anayekufanya ufagie ua mara mbili.