Mama Klorini na Bwawa la Chumvi

Mtaani walimwita Mama Klorini, wala hakukasirika. Harufu ilimtangulia. Akiingia dukani kununua kiberiti, muuzaji alijua nani amefika kabla hajainua kichwa. Alikuwa mtunza bwawa la kuogelea la klabu moja kubwa, ile yenye uzio mweupe nyuma ya uwanja wa mpira. Kazi hiyo aliianza akiwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza, na sasa mtoto huyo alikuwa ameota ndevu.

Macho yake yalikuwa mekundu siku zote, na jambo hili lilimsumbua zaidi mumewe kuliko yeye mwenyewe. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu mpole asiyeweza kumfukuza hata paka mezani. Lakini kila jirani mpya aliyehamia mtaani, baada ya wiki mbili tatu alimvuta Mama Klorini pembeni na kumnong'oneza: "Dada, ndoa ni kuvumilia. Ila akizidi, sema. Tupo." Mama Klorini alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikishaanza, kicheko hakikuwa na nafasi tena.

Mtu pekee ambaye hakumwonea huruma alikuwa mama mkwe wake. Mama huyu aliuza chumvi sokoni: ya mawe, ya unga, ya kulambwa na mifugo, ya kukaushia ngozi. Watu walipomsifu kwamba amekula chumvi nyingi, alijibu, "Kula nimekula kidogo. Nyingi nimeuza." Tangu siku ya harusi alikuwa na neno lake moja juu ya mkwewe: "Mwanangu kaoa ndoo ya kufulia." Alilisema mbele za watu, tena bila kushusha sauti. Akija kumtembelea mwanawe alikaa karibu na dirisha, na akiondoka alikung'uta nguo zake mlangoni kana kwamba anatoka kiwandani.

Mambo yaliharibika asubuhi moja ya upepo. Mama Klorini alifungua pipa jipya la klorini ya unga, kama alivyofungua mengine mamia. Upepo ukageuka ghafla. Vumbi lile jeupe likampiga usoni, likaingia puani na kooni, na pumzi ikakatika. Alijaribu kumwita mlinzi, sauti haikutoka. Walimkuta amepiga magoti ukingoni mwa bwawa, ameshika kifua kwa mikono miwili, midomo imebadilika rangi.

Hospitalini alilazwa akiwa amefungwa kifaa cha hewa. Alipoweza kuongea, daktari alivuta kiti akaketi.

"Mama, kifua chako kimechoka. Ama unaacha kazi hiyo, ama dawa hiyo inakaa mbali na pua yako."

"Daktari, bwawa bila dawa ni dimbwi."

"Basi chagua."

Mama mkwe naye alifika, na kapu la matunda mkononi. Alisimama miguuni pa kitanda, akamtazama mkwewe kwa muda mrefu. Wote walingoja aseme "niliwaambia". Hakusema. Alimenya chungwa, akaligawa vipande, akaviweka kwenye sahani, akaondoka. Fundi saa alisema tangu azaliwe hajawahi kumwona mama yake akinyamaza kiasi kile.

Kuacha kazi Mama Klorini hakutaka. Si kwamba hakuwa na pengine pa kwenda. Alilipenda lile bwawa. Alipenda saa ile ya asubuhi kabla watoto hawajafika, maji yametulia kama kioo cha saluni, na yeye ndiye mtu wa pekee duniani anayeyatazama. Basi akiwa kitandani alikumbuka maneno ya fundi aliyekuja mwaka uliopita kutengeneza pampu. Fundi yule alimweleza kwamba siku hizi kuna mabwawa yanayosafishwa kwa chumvi. Wakati ule alidhani anataniwa. Sasa alimpigia simu, akamuuliza maswali mpaka salio likaisha, akaazima simu ya mgonjwa wa kitanda cha pili.

Siku ya kwanza kurudi kazini alikwenda moja kwa moja ofisini kwa meneja, mtu mnene aliyezoea kujipepea kwa faili.

"Tunamwaga chumvi ndani ya maji," Mama Klorini alimweleza. "Kidogo tu, kama sehemu moja ya kumi ya chumvi ya bahari. Maji yanapita kwenye bomba lenye mabamba ya chuma yenye umeme. Umeme unaigeuza ile chumvi kuwa klorini humo humo ndani ya bomba. Klorini inaua vijidudu, ikimaliza kazi inarudi kuwa chumvi. Inakwenda na kurudi."

"Kwa hiyo klorini bado ipo?"

"Ipo. Lakini inapikwa kidogo kidogo na kutumika hapo hapo. Sasa hivi namwaga ndoo nzima asubuhi: watoto wa asubuhi wanaungua macho, wa jioni wanaogelea na vijidudu."

Meneja aliacha kujipepea. Wazazi walikuwa wakimpigia simu kila Jumatatu kulalamika kwamba watoto wanarudi nyumbani na macho kama nyanya. Tena bado alimkumbuka mama huyu akibebwa kwenye machela.

"Sawa," alisema. "Lakini maji yakinigeukia kijani, ni mimi na wewe."

Mtambo ulikuja, fundi akaufunga, ikabaki chumvi. Na chumvi nyingi kiasi kile, mjini pale, ilikuwa kwa mtu mmoja.

Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya gunia, anapima chumvi ya mteja. Hakuinua kichwa. "Umepona?"

"Nimepona, Mama. Nimekuja kununua chumvi."

"Kiasi gani?"

"Zaidi ya tani moja."

Mizani ikabaki hewani. "Mnakausha nyama ya nani?"

"Ni ya bwawa la klabu, Mama. La kuogelea."

"Hao watu wanaogelea au wanachemshwa?"

Sokoni watu walicheka. Mama Klorini hakucheka. Alichuchumaa mbele ya mama mkwe wake, akamweleza habari yote, ya mabamba, ya umeme, na ya daktari. Yule mama alisikiliza huku akisugua punje za chumvi kati ya vidole. Kisha akasimama.

"Basi usichukue hii ya unga. Imetiwa vitu isigandane. Na ile ya kule ina udongo. Unataka chumvi iliyo chumvi tu." Akapiga teke gunia la nyuma kabisa. "Hii."

"Ndivyo fundi alivyosema!"

"Fundi gani? Nilipoanza kuuza chumvi, huyo fundi alikuwa hajaota meno."

Lori lilipofika klabu, mama mkwe alikuwa ameketi mbele na dereva, kajifunga kitambaa chake kizuri cha kichwa kama anayekwenda kutoa mahari. Alisimamia kila gunia likimwagwa. Chumvi ilizama, ikalala chini kama mchanga, wakaisukuma kwa mafagio marefu huku pampu ikinguruma, mpaka ikayeyuka yote. Kesho yake asubuhi alirudi bila kuitwa, akainama ukingoni, akachota maji kwa kiganja na kuyaonja.

"Haijakolea," alitangaza.

"Ndivyo inavyotakiwa, Mama."

"Sikubishii. Nasema tu haijakolea."

Miezi iliyofuata ilikuwa ya neema. Mapipa yalifungiwa stoo. Mama Klorini alianza kulala usiku kucha bila kukohoa, na macho yake yakawa meupe, mpaka jirani mmoja akamshika mkono sokoni kwa furaha. "Naona siku hizi ameacha!"

"Nani ameacha nini?"

"Mzee wako. Kukupiga."

Fundi saa aliposikia hayo alicheka, lakini jioni hiyo alikwenda kumsalimia yule jirani, akakaa sana, akamtengenezea na saa ya ukutani bure.

Lakini hakuna marefu yasiyo na ncha. Wiki ya mashindano ya kuogelea ya shule, ambayo klabu ilikuwa mwenyeji wake kwa mara ya kwanza, maji yalianza kubadilika. Jumatatu yalikuwa na ukungu. Jumanne kuta zilishikika kama mlenda, na pembeni, kwenye kivuli cha ngazi, kulikuwa na rangi ambayo hakuna mtunza bwawa anayependa kuitaja. Meneja alishuka mwenyewe na faili lake.

"Mashindano ni Jumamosi. Mapipa yako stoo. Kesho asubuhi tunarudi kwenye unga."

"Nipe mpaka Alhamisi."

"Maji yamezidi unga, mama!"

"Maji ukishayavulia nguo sharti uyaoge, meneja. Sisi tumeshavua. Tukirudi nyuma sasa, tutarudi uchi."

Meneja alijipepea kwa faili mara mbili. "Alhamisi," akasema.

Maneno husafiri. Kufikia saa sita mchana, sokoni walikuwa wakisema chumvi ya yule mama imeoza na imeharibu bwawa. Saa saba mwenyewe alikuwa langoni, amekunja ndita. "Nani anasema chumvi yangu imeoza? Chumvi inaoza?"

"Mama, njoo unishikie taa," Mama Klorini alimwambia.

Alikuwa tayari amezima umeme na kufunga maji. Alifungua lile bomba la mtambo na kulichomoa. Wakachungulia pamoja. Mabamba, ambayo siku ya kwanza yaling'aa kama masufuria mapya, yalikuwa yamefunikwa na ganda jeupe, gumu, nene kama ukucha.

"Chumvi imeganda," mama mkwe alisema kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

Mama Klorini alikwangua kidogo kwa ncha ya kijiti, akaweka ulimini, akatabasamu. "Si chumvi, Mama. Haina ladha. Hii ni chokaa. Maji yetu ya kisima ni magumu, na mimi wiki hizi nilishughulika na kupaka rangi ngazi, sikupima maji inavyotakiwa. Chokaa imekaa kwenye mabamba, umeme haupiti vizuri, klorini haipikwi."

Yule mama alisogeza taa karibu, akatazama tena. Uso ukafunguka. "Kumbe ukoko wa birika!"

"Ule ule."

"Siki basi! Ngoja." Akatoka mbio, naam, mbio, na umri ule. Alirudi na dumu zima la siki kutoka kwa mwenzake wa meza ya jirani sokoni.

Walisimamisha bomba ndani ya ndoo, wakamimina. Mabamba yakaanza kutoa povu, yakichemka bila moto, nao wakakaa pande mbili za ndoo kama watu wanaongoja maji ya uji. Ganda lilimeguka polepole. Walibadilisha siki mara kadhaa mpaka chuma kikaonekana. Baada ya hapo Mama Klorini alirudisha bomba mahali pake, akapima maji, akatia kiasi kidogo cha asidi ya kushusha ukali wa ile chokaa, akafungua mtambo mpaka mwisho na kuacha pampu ifanye kazi bila kupumzika. Zikabaki kuta. Alichukua fagio refu. Alipogeuka, mama mkwe alikuwa amevua viatu, amepandisha nguo magotini, ameshika fagio la pili.

"Mama, acha, utachoka."

"Nimezuliwa uongo sokoni halafu nikae? Sogea kule."

Walisugua siku mbili. Hawakuongea sana, ila mara moja mama mkwe alisema, bila kuacha kusugua, "Siku ile hospitalini niliogopa." Mama Klorini alijibu, "Nilijua, Mama. Chungwa ulilimenya vizuri mno." Wakaendelea.

Alhamisi asubuhi meneja alifika na kusimama juu ya jukwaa. Mistari myeusi ya sakafuni ilionekana yote, hata kwenye kina kirefu, imenyooka kama imechorwa sasa hivi. Alishuka, akampa Mama Klorini mkono, kisha akampa na mama mkwe, ambaye mkono wake ulikuwa umelowa naye hakuufuta kwanza.

Jumamosi watu walijaa mpaka juu ya uzio. Watoto wa shule tano walipiga mbizi na kutoka na macho meupe. Kocha mmoja mgeni alitembea ukingo mzima akinusa hewa, hatimaye akauliza, "Bwawa lenu halinuki. Mnatia nini?" Meneja alinyoosha kidole: "Muulize yule." Na Mama Klorini alimweleza kocha yule, kwa kirefu, bila haraka, huku makocha wengine wakisogea kusikiliza.

Mbio za mwisho, za kupokezana, timu ya wasichana wa shule wanaofanyia mazoezi klabuni hapo ilishinda kwa urefu wa mkono. Uwanja ulilipuka. Wasichana walitoka majini wakipiga kelele, wakamtafuta kocha wao wamrushe bwawani, kisha mmoja akapaza sauti, "Na mama yetu wa maji!" Kabla hajajua anakimbilia wapi, Mama Klorini alikuwa juu ya mikono yao, na ovaroli na mabuti yake, akiwatishia kuwasemea kwa wazazi wao. Wakahesabu, wakamtupa.

Alizama mpaka chini. Halafu akaibuka katikati ya bwawa, kitambaa kimemtoka kichwani, macho wazi, akicheka kicheko kirefu ambacho hakikukatishwa na kikohozi hata kimoja. Jukwaani mama mkwe wake alikuwa amesimama juu ya kiti, fundi saa amemshika kiuno asianguke, naye anapaza sauti kuliko watu wote: "Mkwe wangu huyo! Mnamwona? Huyo ni wa kwangu!"

Wiki iliyofuata shule mbili ziliomba aje kuwafundisha watunza mabwawa wao, na hospitali iliyo upande wa pili wa mji, yenye bwawa la kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo, ikamwita afunge mtambo kama ule. Klabu ilimfanya msimamizi mkuu wa maji na kumpa watu wawili chini yake. Chumvi yote, bila shaka, ilijulikana itatoka wapi.

Jumatatu moja alifika kwenye lango la hospitali ile, mfuko wa vifaa begani, mama mkwe nyuma yake akigombana na dereva wa lori kuhusu namna ya kupanga magunia. Mlinzi akamsimamisha.

"Mama, unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu, baba," akajibu. "Natafutwa mimi."