Kidonge cha Alhamisi

Wifi yangu Khairat kazi yake ni kutazama minyoo kutwa. Si ile ya kwenye chupa. Yake imo ndani ya kompyuta, imekuzwa mpaka mnyoo wenyewe hauonekani tena, kinabaki kipande kimoja tu cha mwili wake, protini, kimejikunja na kuacha tundu katikati. Yeye na wenzake hubuni dawa itakayoingia humo barabara, kama fundi anavyochonga mfumbati uingie kwenye tendegu la kitanda. Tundu likizibwa, mnyoo wa safura unakufa. Miaka yote hiyo nilimtania kwamba mume wake hasa ni mnyoo, kaka yangu ni wa akiba.

Dawa ilipofika kujaribiwa kwa watu, ikaletwa kwetu Makangale. Mama yangu, Bi Mwanakhamis, alipimwa akakutwa na safura, akajitolea kuwa wa mwanzo kumeza, watu wasije wakasema mkaza mwanawe analeta sumu.

Majibu yakaja. Mayai ya minyoo yametoweka kwa wote isipokuwa mtu mmoja, na huyo alikuwa nayo tele. Majina hufichwa, Khairat huona namba tu. Lakini mmoja alitosha kumnyima usingizi. Huenda mnyoo wa mtu yule una tundu la umbo jingine, na kama ni hivyo, kazi yote imekwenda na maji. Wakubwa walishasema jaribio litasimama mpaka sababu ijulikane.

Ijumaa akaja kwetu, uso umemshuka. Mama akampakulia, naye akawa anachezea wali tu.

"Una nini, mwanangu?"

"Dawa yetu, mama. Imemshinda mtu mmoja hapa Makangale. Tukikosa sababu, itatupwa."

Mama akaacha kula. Akanitazama mimi, kisha akatazama mkeka.

"Siku ile ya vidonge ilikuwa Alhamisi," akasema. "Mie n'lifunga sunna."

"Sasa Mama, si ungesema!" nikamaka.

"N'seme mbele ya watu wote wale kuwa n'mefunga? Si riya hiyo, ibada ya kujionyesha? Na n'ngekataa kumeza, foleni nzima ingekimbia. Kidonge n'kakibana shavuni, maji n'kayatema uwani. N'kakifunga kwenye pindo la kanga, nikifuturu n'meze. N'kasahau. Kanga n'kaifua kesho yake."

Nesi Kauthar alitakiwa kumwangalia kinywani. Lakini Mama ndiye aliyemfundisha Kurani. Atamwambiaje apanue mdomo? Nilipandwa na hasira, na nilikuwa na haki yangu. Khairat yeye aliangua kicheko, kikageuka kilio, akamwangukia Mama mapajani huku akimshukuru Mungu kwa sauti. Sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo kwa kudanganywa.

Wakubwa wakaelezwa, wakaruhusu apewe tena. Mama akaenda zahanati Jumamosi moja, ameshakula, akameza, akampanulia Kauthar kinywa mpaka kidaka tonge kikaonekana. Foleni nzima ya wagonjwa ilicheka, naye hakujali.

Baada ya kipimo Khairat akapiga simu. Nikamshikia Mama sikioni.

"Mama, hamna hata yai moja. Jaribio linaendelea."

"Alhamdulillahi," akasema Mama. Akangoja, maana upande wa pili palikuwa na kwikwi tupu. "Basi, mwanangu, basi. Sasa nenda kalale."