Viti vya Nyuma vya Basi la Shangazi

Shangazi yangu ni dereva wa basi. Watu wa njia yetu humwita Mama Gia, na wamemzoesha hivyo mpaka ukimwita jina lake halisi anachelewa kugeuka. Udereva alifundishwa na mumewe, kwenye lori la kokoto, enzi ambazo wanaume walimcheka kwa sababu alikalia mto ili aone mbele.

Basi lake ndilo pekee linalofika mwisho wa barabara ya vumbi. Wenye magari yao binafsi walishaikataa njia hii, kwa kuwa nauli yetu haitoshi hata mafuta. Kinachopungua hutolewa na halmashauri, kutoka kwenye kodi za wilaya nzima. Wakiacha kutoa, basi linaondoka na sisi tunabaki na miguu yetu.

Nyuma ya mlango wa kati hakai mtu. Zamani walikaa wachimba mawe, na nyundo zao, wakitaniana kwa sauti, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Mume wa shangazi alikuwa mmoja wao. Siku machimbo yalipoporomoka hakurudi hata mmoja, na wengine mpaka leo wako chini ya kifusi. Kuhusu viti hakuna aliyetoa amri. Wakati wa msiba watu waliona vibaya kuvikalia, wakasimama, wakazoea kusimama. Mgeni akijisahau akakaa kule, ataguswa bega: "Samahani, hapo pana mtu." Ataangaza macho huku na huku, halafu atainuka taratibu bila kuuliza.

Basi akaja mkaguzi wa halmashauri. Alipanda kimya kimya kama abiria, akateremka nasi kituo kikuu, akamfuata shangazi dirishani.

"Dada, gari lako nusu tupu."

"Tupu? Watu wamebanana mpaka wanapumuliana, wewe unasema tupu?"

"Mimi nahesabu waliokaa. Anayesimama sheria haimtambui. Kuna njia nyingine zinazililia hizo fedha. Kesho asubuhi napanda tena kituo cha pili. Nikikuta hivi hivi, naandika njia ifungwe."

Jioni ile shangazi alipika akasahau kula. Mimi nalala chumba kimoja naye, na kila nilipogeuka nilimwona amekaa kitandani, mikono mbele, kana kwamba ameshika usukani.

Asubuhi hakuwasha gari. Alisimama mlangoni, abiria wote wameshapanda.

"Jamani, leo mkae. Mpaka nyuma."

Watu wakatazamana. Fundi viatu ndiye aliyethubutu. "Mama Gia, umelala vizuri kweli?"

"Sijalala kabisa. Kaeni."

"Basi anza wewe."

"Nikikaa mimi ataendesha nani, babu yako?"

Watu wakacheka kidogo. Hakuna aliyesogeza hata kidole. Shangazi akawaambia alichosema mkaguzi, neno kwa neno, na kicheko kikafa.

Akanyanyuka bibi muuza ndizi, ambaye mwanawe wa pekee hakufukuliwa. "Mwanangu akikasirika, atanikasirikia mimi," alisema. Hakutafuta kiti. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile cha dirishani, akakifuta kwa khanga, akakaa. Wengine wakafuata, kila mtu kwenye kiti cha mtu wake. Fundi viatu, ambaye hakuwa na ndugu kule, alivua kofia mbele ya kiti kimoja akanong'ona, "Naomba niazime tu." Kilibaki kimoja karibu na mlango. Shangazi, aliyekwisha kurudi kwenye usukani, alinitazama kwenye kioo, akaniashiria kwa kidevu. Nikakaa.

"Kina joto," alisema bibi.

"Ni jua hilo, mama," alijibu fundi.

"Jua liko upande wako."

Watu wakanyoosha migongo, wakaitenga na viti. Hata mimi sikutaka kuegemea.

Mkaguzi alipanda kituo cha pili, akatuhesabu kwa kidole, akatabasamu. "Mnaona? Kumbe inawezekana. Kwa hali hii fedha zenu za mwaka zipo." Akajipatia nafasi mbele.

Tukafika machimboni. Pale hapandi mtu tena. Geti limemezwa na majani. Lakini kila safari shangazi husimama, hufungua mlango wa kati, husubiri kwa muda ambao wanaume wenye nyundo wangeutumia kupanda, kisha hufunga. Siku ile pia alisimama, akafungua. Upepo wa baridi ukaingia. Nyuma tulishikilia vyuma vya viti kama watu wanaoogopa kunyang'anywa.

Shangazi aliangalia kioo kwa muda mrefu. Halafu akatoa kichwa dirishani, akasema kwa upole ule wa kumrudisha mteja unayemheshimu, "Tuwieni radhi, jamani. Leo gari limejaa."

Akafunga mlango.

"Unaongea na nani?" mkaguzi aliuliza.

"Abiria."

Mkaguzi akatazama geti, akatugeukia sisi, akaona jinsi tulivyokaa. Akageukia mbele, akashika chuma kwa mikono miwili mpaka anateremka.

Fedha zilitoka, na basi lipo. Tunakaa kila siku, maana mkaguzi hatangazi atapanda lini, ingawa kule nyuma hakuna anayesinzia. Machimboni shangazi hasimami tena. Anapapita mbio, macho mbele, na mdomo wake unacheza kama wa mtu anayeomba msamaha asisikike.