Zamu ya Maji Haikuwa Yangu

Kazi pekee niliyowahi kuitaka kwa moyo wote ilikuwa kufundisha watu wazima kusimama na kupumua. Kabla ya hapo nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, nikauza mahindi Tarakea, nikakata miwa, nikabeba mizigo ya wapanda mlima. Popote nilipofika niliondoka kabla hawajanizoea.

Marangu nilipata kibarua cha kufagia kwenye nyumba ya wageni. Mzungu mmoja aliyekuwa akiishi pale aliwafundisha wageni walioteremka mlimani mazoezi ya asubuhi: kunyoosha viungo taratibu, kufuata pumzi, kutuliza akili. Nilisimama nyuma na ufagio wangu nikimwiga. Nilimuuliza maswali mpaka akachoka. Aliporudi kwao, mama mwenye nyumba aliniambia, "Jaribu wewe mpaka msimu uishe. Wakiridhika, darasa ni lako."

Wiki ya kwanza nilisema maneno ya yule Mzungu. "Fikirieni bahari," niliwaambia, mimi ambaye sijawahi kuiona. Sauti ilinitetemeka. Mgeni mmoja akatazama saa.

Halafu asubuhi moja ikanyesha manyunyu, nikawaingiza kihambani, kwenye migomba. Niliwaambia wasikilize tone likitoka jani la juu hadi la chini, watoe pumzi linapodondoka. Kesho yake niliwafundisha kutembea kama sisi wapagazi: shingo ndefu, unyayo uipime ardhi kwanza ndipo uipe uzito. Upepo wa baridi uliposhuka kutoka mlimani, nikawageuza waupokee mgongoni. Sauti ikaacha kutetemeka. Nilikuwa nasema vitu ninavyovijua. Mama akaanza kuniita mwalimu mbele ya watu, na mimi nikaanza kuamini.

Bado nilitaka maji. Nyuma ya nyumba ulipita mfongo, ule mfereji wa wazee unaoleta maji mashambani kutoka juu. Siku moja niliuziba kwa kipande cha mgomba na udongo, maji yakajaa. Wageni wanane wakakunja suruali, wakasimama ndani wamefumba macho. Sijawahi kuona watu wametulia vile.

Ndipo akaja mama mmoja mjane wa bondeni, jembe begani.

"Wee kijana, wewe ndiye umefunga maji?"

"Shikamoo, mama."

"Nimekuuliza maji, sijaja kuamkiwa. Leo zamu ya nani?"

"Sijui, mama. Nilidhani yanapita tu."

"Yanapita tu! Nimesimama kwenye mboga zangu kama mwehu, kumbe unaosha miguu ya Wazungu. Kwao hakuna mabeseni?"

Alipiga jembe kwenye ule mgomba mara mbili. Maji yakatoka kwa kishindo na tope lake, mgeni mmoja akaanguka chali. Wawili wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya somo. Mwingine akampiga picha yule mama. Mimi nilisimama tu, mikono bado imenyooshwa mbele.

Wazee wa mfongo walikaa jioni hiyo hiyo. Mwenyekiti wao, ambaye wote walimwita meku, yaani mzee, aliniuliza natoka wapi.

"Shirimatunda, kule mjini."

"Aa. Huko maji ni ya bomba, kwa hiyo hayana mwenyewe?"

Watu wakacheka. Nikahukumiwa kuzoa tope la mfongo siku tatu na kuleta debe la mbege, pombe yao ya ndizi. Nilichimba. Siku ya tatu tukanywa kwa kata moja. Mjane alitangulia, kisha akanipa mimi. "Kwa kuchimba unafaa," alisema. Meku akatangaza, "Imekwisha. Asiiseme mtu tena." Na kweli, hakuna aliyeisema tena. Watu wale walikuwa na njia ya kumaliza jambo.

Nilirudi nimechafuka na nina furaha. Mama mwenye nyumba alikuwa barazani, simu mkononi.

"Aliyeanguka ameniuliza umesomea wapi," alisema. "Cheti chako kiko wapi?"

"Mama, unajua sina."

"Najua."

"Wazee wamenisamehe."

"Wazee hawalali hapa."

"Wageni walipenda, mama. Ulisema mwenyewe."

"Walipenda kabla hawajauliza." Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo, hasira huisha. "Jumatatu anakuja mwalimu kutoka Arusha. Ukitaka kubaki, ufagio upo."

Nilitaka kumwambia kuwa alijua tangu mwanzo, kwamba alinikopesha jina la mwalimu mpaka siku litakapomwaibisha yeye. Nikasema, "Sawa, mama."

Jumatatu nilifagia. Mwalimu mpya alikuwa dada mpole aliyejua jina la kila msuli. Aliwapanga wageni kwenye sakafu ya saruji, migongo yao ikielekea kihamba, na alifundisha vizuri. Ningependa kusema alifundisha vibaya. Katikati ya somo aliniona nimesimama pembeni.

"Kaka, karibu ujiunge nyuma pale. Haihitaji uzoefu."

Nikamwambia nina kazi jikoni. Jikoni sikuwa na kazi yoyote. Nilipita kwa mlango wa nyuma, nikatoka na begi langu.