Kuchaji Mpaka Ijae

Mke wangu aliweka sharti moja tu: kiwe na vifungo. Hakutaka kioo cha kupapasa.

"Mikono yangu inashindaka ndani ya maji na mihogo," alisema. "Nitapapasa kioo na nini? Na kiwiko?"

Nilimwambia aniachie mimi. Nilimwambia kwamba mtu aliyemaliza sekondari, akasoma Kifaransa cha vitabu, hawezi kushindwa na kijimashine cha muziki. Leo ningekaa kitako na kumwacha aongee mpaka amalize.

Kile cha zamani tulikiita empetrwa, yaani MP3 kwa Kifaransa, kama watu wote wa kwetu. Kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni kilichotumika nusu. Tulikuja nacho Butembo kutoka Beni, mtaa wa Beu, kikiwa katikati ya nguo, mwaka ule ambao shamba letu nje ya mji liligeuka mahali pasipoendeka. Watu walikuwa wakiuawa na panga mkononi, panga la kazi, wakiwa wanasafisha kakao zao. Tuliacha kakao yetu ikiwa imeiva. Mdogo wangu alitupa vyumba viwili nyuma ya nyumba yake, na huko mke wangu akakipachika kile chombo kwenye msumari juu ya mafiga, waya ukining'inia mpaka sikioni mwake.

Ndani yake kulikuwa na karte, kadi ya kumbukumbu ndogo kama ukucha, na ndani ya karte mlikuwa na nyimbo za kwaya ya kina mama wa kanisa letu la Beu. Mke wangu ndiye alikuwa kiongozi wa kwaya hiyo. Nyimbo nyingi alizitunga mwenyewe kwa Kinande, akiwa ameinama anapalilia maharagwe, na hakuna hata mmoja ulioandikwa. Mtu wa kanisa aliwarekodi siku moja baada ya mazoezi, pale uani, huku kuku wakilalamika na jirani akitwanga sombe, majani ya mihogo. Baadaye kwaya ilitawanyika. Wengine walikwenda Kyavinyonge kwa ndugu zao wanaouza samaki, wengine Alimbongo kulima viazi vya watu, na wengine tuliwazika.

Tangu tukimbie, kumbukumbu ya mke wangu haikuwa ile. Maneno yalikuwa yanamponyoka katikati ya wimbo. Lakini alikuwa amekusanya wanawake wakimbizi waliokuwa Butembo, wachache kati yao wa kwaya ya zamani, na alitaka kuwafundisha nyimbo zile waziimbe kanisani. Basi kila asubuhi alisikiliza ubeti, akasimamisha, akarudisha nyuma, akausema kwa mdomo mtupu, halafu mchana akaenda kuufundisha. Kwaya nzima ilikuwa inaning'inia kwenye ule msumari.

Siku moja alibonyeza na hakikuitika. Fundi wa saa na redio alikifungua, akanionyesha betri iliyovimba kama mkate, akasema nikitupe kabla hakijalipuka. Nilichomoa karte, nikaifunga ndani ya karatasi ya daftari, nikaitia mfuko wa shati. Mpaka hapo sikuwa nimekosea kitu.

Butembo ni mji wa bidhaa. Mtu akitaka kitu chochote kinachotengenezwa China, atakikuta Butembo kabla hakijazeeka. Nilidhani nitaingia duka moja na kutoka. Niliingia maduka mpaka miguu ikaanza kunitukana.

Katika duka la kwanza kijana alinicheka waziwazi.

"Muzee, empetrwa? Nani angali anatumikisha ile? Nunua telefone."

"Telefone niko nayo."

"Donc weka musiki ndani ya telefone."

"Nataka kitu kinachoimba tu. Kisichoita, kisichotuma picha, kisichoniomba namba ya siri."

"Hapana, muzee. Kitu ya kuimba tu, ile ni ndege."

Wenzake wakacheka. Nilitoka na hasira, na kwa sababu ya hasira sikurudi pale kamwe, ingawa baadaye, nikipita njiani, niliona kwenye kabati lao kimashine chenye vifungo vikubwa kama vya kanzu ya padri.

Katika duka la pili kila kitu kilikuwa cha kioo. Muuzaji alipokiwasha kimoja, mwanamke mwenye sauti ya puani akasema jambo refu kwa Kiingereza au Kichina, sijui. Nilimuuliza anasema nini. Akanijibu, "Anakusalimia." Nikamwambia akizime. Nyumbani kwangu wanawake wanaosema bila kusikilizwa wanatosha. Nilisema hivyo kama mzaha, na watu wakacheka, na mimi nikajiona mtu wa maneno.

Duka la tatu, la nne, ni yaleyale. Boksi limeandikwa hivi, ndani mna vile. Kimoja kina jina la kampuni kubwa lakini herufi moja imegeuzwa. Kingine kina vifungo vizuri lakini havibonyezeki, vimechorwa tu juu ya plastiki. Vimechorwa! Mtu alikaa mahali fulani duniani, akachora kifungo mahali ambapo hakuna kifungo, akakituma mpaka kwetu, kupita bahari na barabara zile zote, ili mimi nije nikigongegonge kwa kidole kama mjinga.

Mwisho niliingia kwa mama mmoja mnene aliyekuwa anatafuna karanga nyuma ya meza ya vioo.

"Papa, kaa kwanza. Uso yako inanunanuna," alisema. "Unatafuta nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, hiyo lazima niiseme. Akaanza kupanga vitu mbele yangu.

"Hii iko na torche."

"Torche ninayo."

"Hii iko na radio na inapigaka mataa ya rangi-rangi. Ona. Inachezaka na musiki."

"Mama, mke wangu hafungui nganda ya kuuza bia. Anapika."

"Hata mwenye kupika anachezaka!" Akacheka mpaka ganda la karanga likaruka. Halafu akatoa kimoja chekundu, kipana kama kiganja, chenye vifungo vitatu vya kweli: mbele, nyuma, simama. "Basi chukua hii. Hii hata kipofu anaweza."

Nilivibonyeza. Vilibonyezeka. Nilikaribia kulia.

Akaomba karte tujaribu. Akaichomeka, akabonyeza, na pale katikati ya duka sauti ya mke wangu ikatoka, ikitangulia, na wanawake wakimfuata nyuma, kuku na sombe vikiwa palepale. Wateja wawili waligeuka.

"Eh! Huyu anayeimba ni nani?"

"Mke wangu."

"Papa! Uko na radio nyumbani na unanunua ingine?"

Watu wakapiga makofi. Mimi niliona haya. Sijui kwa nini. Sauti ya mke wangu mbele ya watu baki ilinifanya nijisikie kama mtu aliyevuliwa koti. Nikasema, "Inatosha, inatosha, zima." Ulikuwa mstari mmoja, labda miwili. Kabla mama yule hajakizima, chenyewe kikakata.

"Moto imeisha," akasema. "Inatokaka na kidogo tu mule kiwandani. Enda uchaji kwanza, ndiyo umupelekee mama."

Hapa lazima nieleze neno, kwa sababu ni neno ndilo lililotumaliza. Kwetu wakati ule umeme ulikuwa wa bahati. Mtu alipeleka simu yake kwenye kibanda chenye jenereta, akalipa, akairudia imejaa. Hiyo ni kuchaji. Lakini watu wa vibanda hivyohivyo walikuwa pia na kompyuta, na mtu aliyetaka nyimbo mpya alipeleka karte yake wakammiminia. Hiyo nayo ni kuchaji. Ukisema "nichajie", mwenye kibanda anaangalia umempa nini, anakisia. Vijana walijua kutofautisha. Walisema "moto" au "musiki". Mimi nilikuwa nimesikia neno hilo likisemwa namna zote mbili, nikadhani jambo la vijana halinihusu.

Mwenye kibanda alikuwa baba mtu mzima, mwenye ndevu za mvi kidogo, amezungukwa na nyaya. Kulikuwa na foleni na jenereta ilikuwa inapiga kelele. Nikamnyooshea kile chekundu, karte ikiwa ndani.

"Nichajie hii. Ijae kabisa."

"Ijae kabisa?"

"Kabisa. Sitaki irudi hapa kesho."

Akakigeuza mkononi. "Ya dini ao ya mondo?"

Nilidhani ananitania. Kwamba ananiuliza kama nataka umeme wa kanisa au umeme wa dunia. Kwa siku ile, baada ya kijana wa ndege na mama wa karanga, niliona mji mzima umeamua kunitania. Nikajibu kwa ukali, "Mimi ni mukristo! Ya dini!"

"Sawa, papa. Rudi nyuma ya saa moja."

Nilikwenda kunywa chai. Niliporudi alikichomoa kwenye waya wa kompyuta, taa yake ikionyesha moto umejaa, akanipa, nikalipa, nikaona ni bei ghali kidogo kwa kuchaji, nikalalamika, akapunguza, nikafurahi.

Mke wangu alikipokea kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Alipapasa vifungo, akasema "wasingya", asante yetu ya Kinande, ambayo kwa kawaida hanipi bure. Akabonyeza. Mwanaume akaanza kuimba kwa Kilingala, na magitaa, akimsifu Bwana kwa sauti kubwa sana.

Mke wangu akangoja. "Hii imetangulia," akasema. "Ya kwetu inafuata."

Akabonyeza mbele. Mwanamke, Kilingala. Mbele. Kwaya ya vijana, Kifaransa. Mbele, mbele, mbele. Nilisimama pale nakitazama kidole chake gumba. Alibonyeza kwa muda mrefu, bila kuninung'unikia, na nadhani alikuwa ameelewa kabla yangu. Kisha akabonyeza kile cha simama.

"Papa, ulifanya nini?"

Nilirudi nacho kibandani karibu nikikimbia, mzee mzima, kandambili zikinipigapiga visigino. Nilimtukana mwenye kibanda mbele ya wateja wake. Nilimwita mwizi. Aliendelea kupanga nyaya zake mpaka nikaishiwa pumzi.

"Papa, ulisema ijae kabisa. Karte ilikuwa na vitu. Nilisikiliza kidogo, nikasikia bakuku. Nikafikiri ni mutoto alichezea micro. Ju ijae kabisa, nilifuta."

"Nilitaka moto tu!"

"Sasa ju ya nini ukasema ya dini?"

Watu katika foleni walicheka, halafu waliponiona usoni wakaacha. Aliiweka karte kwenye kompyuta, akajaribu kwa muda mrefu kuzitafuta zile zilizofutwa. Alinirudishia pesa zangu bila kuombwa. Nyimbo hazikurudi. Alikuwa amemimina nyingine juu yake mpaka pa mwisho, kama nilivyoagiza.

Nimekuwa na miaka ya kutosha ya kutafuta mtu wa kulaumu, kuanzia jenereta mpaka China yote. Sijampata. Ningeweza kuchomoa karte kabla ya kukitoa. Ningeweza kujibu swali kwa swali: ya dini namna gani? Ningeweza kumchukua mke wangu twende pamoja, kwa kuwa chombo kilikuwa chake, na yeye angemwambia mwenye kibanda "moto" bila kufikiri. Nilikuwa na haraka na nilikuwa najua. Vitu hivyo viwili vikikutana ndani ya mtu mmoja, hakuna wa kumsaidia.

Mke wangu hakunipigia kelele, na hilo liliniudhi zaidi. Aliwaita wale wanawake wachache wa kwaya ya Beu, wakakaa uani kwa mdogo wangu siku baada ya siku, wakigombana. Mmoja anasema ni "mvua", mwingine anasema "hapana, bibi, haikuwa mvua, ilikuwa mto, mvua uliiota." Walichekana, walikasirikiana, mmoja aliondoka kwa hasira akarudi na ubeti mzima alioukumbuka njiani. Walituma watu waulize Kyavinyonge. Kidogo kidogo nyimbo zilisimama, moja baada ya nyingine, isipokuwa ule wa mavuno. Ule walifika nusu ya ubeti wa mwisho, wakakwama.

Siku hiyo mke wangu aligeukia mlango nilipokuwa nimekaa.

"Papa, wewe ulikuwa unakaaka nyuma ya ukuta wakati tunaimba. Miaka yote ile. Nyuma ya 'tulipanda kwa machozi' tunasemaka nini?"

Wote walinitazama. Nilitafuta. Nilikumbuka ukuta, kiti, habari za vita nilizokuwa nikizisikiliza redioni, na jinsi nilivyokuwa nikiongeza sauti kwaya ilipoanza. Maneno sikuwa nayo. Nikajaribu kubuni: nikasema labda "na Bwana akatuona". Wanawake waliinama kuficha meno yao.

"Hapana," mke wangu akasema, bila ubaya. "Hiyo ni ya kwako."

Hawakukubali kuweka maneno yasiyo ya mke wangu, na yeye mwenyewe hakutaka kutunga mengine. Alisema wimbo una maneno yake, hayawezi kuokotwa popote. Basi Jumapili walipoimba katika kanisa la Butembo, waliuimba wimbo wa mavuno mpaka pale, "tulipanda kwa machozi", wakanyamaza wote pamoja, kama walivyopatana. Kanisa likadhani umekwisha. Watu walisema amina na kupiga vigelegele, na mwanamume aliyekaa kando yangu akaniinamia akasema mwisho huo ni mzuri sana, unashika moyo, na ni nani aliyeufikiria.

Nikamwambia sijui.