Swali Chini ya Kopo la Sukari

Enid Crouch aliwapelekea chai wakubwa wa upinzani Bungeni miaka tisa, nami nikaosha vikombe vyao miaka hiyo hiyo, kwa hiyo msinifundishe siasa. Walikuwa kumi na wawili. Kila mwaka wabunge wa chama waliwapigia kura, na kila aliyeshinda alipewa waziri wake wa kumwandama. Mheshimiwa Hobday alipewa wa usalama wa raia, na jamani, alimwandama! Alivyozoea kupiga meza, Enid alijifunza kupitisha sinia mbali na kiwiko chake.

Mwezi wa nne, mwaka wa kwanza wa vita, Enid alimwambia habari ya mtaa wetu wa Bermondsey. Kuna ghala lenye vyumba imara chini ya ardhi, na mwenyewe kalitia kufuli, hataki watu wajifiche humo.

"Mama yako ana umri gani, Bi Crouch?"

"Sabini na tisa, mheshimiwa. Miguu haimfikishi kwenye handaki la umma. Bomu likija litamkuta kitandani."

"Aibu!" akanguruma, akaandika swali pale pale. Maswali yake yote yaliishia na neno hilo, na wenzake wa viti vya nyuma walimwitikia kama wako kanisani.

Kabla hajaliuliza, serikali ikawaita wapinzani waingie serikalini, waendeshe vita pamoja. Loo, walivyokimbilia! Hobday akawa naibu waziri wa nini, mnadhani? Usalama wa raia. Karatasi ya swali akaisahau mezani. Enid akaihifadhi chini ya kopo la sukari.

Sasa sikilizeni maajabu. Bunge letu haliwezi kukaa bila upinzani, desturi haikubali. Basi chama kikamtoa Mzee Tunnicliffe, ambaye hakuna aliyemkumbuka wakati wa kugawa vyeo, kikamweka viti vya upande wa pili awapinge wenzake. Asubuhi wanakunywa chai pamoja, mchana wanapingana. Hobday mwenyewe ndiye aliyemwandikia maswali, akiyaacha kando ya kisosi cha mzee.

"Leo nikubane kwa lipi, Hobday?"

"Mifuko ya mchanga, mzee. Jibu ninalo."

Enid alisubiri hadi mwezi wa nane. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Siku moja akamwuliza Hobday huku akimmiminia chai.

"Mheshimiwa, lile ghala?"

"Ah, Bi Crouch. Hilo sasa ni jambo la serikali."

"Si ndio nyinyi?"

"Ndiyo maana tunalichunguza."

Alirudi jikoni akanieleza. Mimi nilitaka kwenda kummwagia mtu maji ya vyombo, nisiwafiche. Enid aliinua kopo la sukari, akaitoa ile karatasi, na kesho yake swali lililokuwa kando ya kisosi cha mzee halikuwa la mifuko ya mchanga.

Tulipanda roshani ya wageni na aproni zetu. Mzee Tunnicliffe akavaa miwani, akasoma: kikongwe wa Bermondsey, kufuli, serikali iliyolala. Kule upande wa serikali nikamwona Hobday anatikisa kichwa kukubali. Maneno matamu, yake mwenyewe! Mzee akamalizia, "Aibu!" Miaka tisa ya mazoea si mchezo. Chama kizima kikaitikia, na aliyejipiga goti na kupaza sauti kuliko wote alikuwa Hobday.

Kisha akakumbuka nani anayepaswa kujibu. Bunge lilicheka hadi spika akachoka kugonga. Hobday akasimama, mwekundu shingo nzima, akasema linachunguzwa.

Jioni ile Enid alimpitia Gadsby, muuza nyama wa mtaani kwetu.

"Naibu waziri mwenyewe kasema aibu, Bungeni."

"Kwa sauti?"

"Kuliko wote."

"Basi hiyo ni ruhusa," akasema Gadsby, akaenda kuchukua mtaimbo. Kabla ya chakula cha jioni kufuli lilikuwa chini, na mama yake Enid amebebwa ndani juu ya kiti cha jikoni, akilalamika kwamba wanamtikisa.

Wiki ya tatu baada ya hapo, Jumamosi alasiri, ndege za adui zikaja. Namba kumi na nne, nyumba ya Enid, haukubaki hata mlango. Kule chini ya ghala tulikuwa watu themanini na hatukupata hata mkwaruzo. Nililia kama mtoto.

Jumanne tarishi akatushukia ngazi na barua ya namba kumi na nne, maana alijua namba kumi na nne inalala wapi. Imetoka kwa Hobday. Baada ya uchunguzi wa kina, ghala halitafunguliwa, kwa kuwa haijathibitika kwamba mtaa huo umo hatarini. Enid aliisoma kwa sauti, maana miwani ya mama yake ilikuwa chini ya matofali.

Bikizee alisikiliza hadi mwisho.

"Katia saini mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama."

"Haya, kesho mpelekee chai yake," akasema. "Ila sukari asipate."