Mwenye Dawa ya Nyenje

Jirani yangu, mzee wa duka la dawa za mitishamba hapa Kanazawa, Japani, hagusi tumbo la mgonjwa kabla hajapasha viganja vyake kwenye birika. Ukimharakisha, ndiyo kwanza anamimina chai. Kisha hubonyeza chini ya kitovu, polepole, maana tiba yake husaka tumboni hata ugonjwa wa masikio, akiuliza, “Nyenje wanaliaje leo?” Maana wazee wenye mvumo masikioni husikia nyenje hata theluji ikianguka.

Jana Bibi Kinue, mjane, alimjibu kuwa amebaki nyenje mmoja tu. Mzee akafungua droo aongeze mizizi. Bibi akamshika mkono.

“Huyo niachie, bwana we! Tangu mume wangu afariki, nyumba nzima ni yeye tu anayenipigia kelele.”

Mzee akairudisha droo taratibu.

“Haya. Lakini mwambie usiku akuache ulale.”